Jambojet Sio Jumbo Jet, Msee wa Kisumu Usichanganye

Kuna beste yako ashawahi kukushow ati alikuja dala na jumbo? Mcheke polepole. Pengine alimaanisha Jambojet, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Jumbo jet ni jina la mtaani la Boeing 747, ile ndege ya ghorofa iliyoanza kubeba abiria 1970. Siku hizi watu huitumia kwa ndege yoyote kubwa. Sawa, lakini ingia ndani uhesabu njia za kupita katikati ya viti. Ziko mbili? Hiyo ni kubwa kweli. Iko moja? Hapo hakuna jumbo. Dash 8-400 ya Jambojet iko na moja, viti 78, na ikishuka ukiwa Otonglo utaona propela zake mbili. Ikijaa ni karibu tani 30. Rubani wa ndege inayoweza kupaa na tani 136 kwenda juu ndiye huongeza neno "hevi" akijitambulisha kwa redio.

Na usidhani ni maneno tu. Njia ya kurukia ndege Kisumu ilirefushwa ikafika kilomita 3.3, na ndoto ilikuwa ndege kubwa zije zichukue samaki, juu hizo hubeba mzigo wa nguvu tumboni, chini ya miguu ya abiria. Lakini mara nyingi fileti ya mbuta ya kwenda majuu hupandishwa lori na barafu yake, inakula barabara hadi Nairobi, ndio ipate ndege ya saizi yake.