Je, Wajua? Mombasa na Wageni Wake

JE, WAJUA kwamba Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alilala Mombasa usiku mmoja tu mwaka 1331, akaondoka na habari za miguu? Kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima. Mwenye kuingia aliteka maji, akaosha miguu, akaifuta kwenye mkeka. Leo pia, ukiingia na viatu nyumba ya watu Mji wa Kale, hutaambiwa neno. Utatazamwa tu.

JE, WAJUA kwamba aliyeteswa na ugeni kuliko wote alikuwa mwenyeji? Yusuf bin Hassan alikuwa mwana wa mfalme wa Mombasa. Babake alipouawa, Wareno walimchukua mtoto hadi Goa, akalelewa na mapadri Waagustino na kubatizwa Dom Jerónimo. Alirudi kutawala mwaka 1626, Mkristo mbele ya raia Waislamu. Raia hawakumwamini, na kapteni Mreno wa Ngome ya Yesu hakumpa heshima ya mfalme. Kisha akaonekana akiomba dua Kiislamu kwenye kaburi la babake, na habari zikafika ngomeni. Agosti 1631 alimuua kapteni kwa mkono wake, akaitwaa ngome na kurudi kwenye Uislamu. Mwaka uliofuata akaihama Mombasa, akawa haramia wa baharini. Goa walimfunza mengi, ila si namna ya kurudi kwao.

JE, WAJUA kwamba mmishonari Mwingereza W. E. Taylor, aliyekuja kufundisha, ndiye aliyekaa chini kufundishwa? Mwalimu wake, Mwalimu Sikujua, alimkusanyia mashairi ya Muyaka bin Haji. Mwaka 1891 Taylor akachapisha kitabu kizima cha methali za Waswahili.

JE, WAJUA kwamba leso za “Mali ya Abdulla” ni za duka la Kaderdina Hajee Essak, ukoo wa Kihindi ulioanza biashara Mombasa mwaka 1887? Kuuza nguo ni kazi ya duka lolote. Kujua leso yenye fumbo gani mke atamvalia mke mwenzake, hapo ndipo ugeni huisha.

JE, WAJUA kwamba ukimuuliza mzee wa barazani njia bila ya salamu, huenda akakujibu “Waaleikum salaam” kwanza?

JE, WAJUA kwamba fundi akikuahidi saa mbili asubuhi, simu yako itaandika 8:00? Kuchelewa kwake ni hesabu nyingine.