Mtoto aliyehifadhi Juzuu Amma hashindwi na hisabati

KATIKA nyumba nyingi za Waislamu yumo mtoto mmoja mwenye sifa mbili zisizopatana. Jioni, huko madrasa, maalimu wake anamsifu: amekwisha hifadhi Juzuu Amma yote, sura 37, na anazisoma bila kuutazama msahafu. Asubuhi, huko shuleni, daftari lake la hisabati limejaa alama nyekundu za kukosa, na nyumbani imekwisha pitishwa hukumu: "Huyu hana kichwa cha hesabu."

Hukumu hiyo si ndogo. Mtoto wa miaka tisa akiisikia mara kwa mara huiamini, na akiisha kuiamini huacha kujaribu. Anapofika kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, udaktari, uhandisi na uhasibu vimekwisha kuwa mambo ya watoto wa watu wengine. Na mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya serikali hukabiliwa na mtihani mwingine: akiingia sekondari, hesabu ambayo hakuielewa kwa Kiswahili ataikuta inafundishwa kwa Kiingereza. Mzigo unakuwa juu ya mzigo.

Tujiulize basi. Akili iliyoweka sura 37 ni ipi, na iliyoshindwa kuweka saba mara nane ni ipi? Ni akili moja. Kilichotofautiana ni njia. Madrasa mtoto hapewi juzuu nzima usiku mmoja. Hupewa aya chache, akazikariri, kesho akasikilizwa, kisha akarudishwa kwenye zile za wiki iliyopita na za mwezi uliopita. Asipodurusu, zinamtoka. Kila mzazi analijua hilo. Lakini hisabati ya mtoto huyohuyo tunaiacha kwenye mkoba hadi siku tatu kabla ya mtihani, kisha tunataka iingie yote kwa pamoja.

Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya fadhila ya amali ndogo idumuyo ni mashuhuri. Na wanazuoni wa elimu ya kumbukumbu wamefika mahali palepale kwa njia yao. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885, alionyesha kuwa marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hudumu akilini kuliko marudio yaleyale yakilundikwa wakati mmoja. Kwa msingi huo, tunapendekeza mazoea matano.

La kwanza ni wakati maalumu. Dakika 20 kila siku zinatosha kwa mtoto wa shule ya msingi, mradi wakati uwe mmoja, mathalani mara baada ya sala ya Isha na kabla ya usingizi kumzidi. Redio na televisheni zizimwe. Binti asiitwe kuosha vyombo katikati ya swali hali kaka yake ameachwa asome. Saa mbili za Jumapili hazilipi dakika 20 za kila siku.

La pili ni kuhifadhi jedwali la kuzidisha kwa mpango. Jedwali humtisha mtoto kwa wingi wake, kumbe wingi huo si wa kweli. Tukitoa mara moja, mara mbili, mara tano na mara kumi, ambazo watoto wengi huzipata upesi, na mtoto akaelewa kuwa saba mara nane na nane mara saba ni kitu kimoja, hadi mara kumi yanabaki majibu 21 tu. Akihifadhi matatu kwa siku, ni kazi ya juma moja. Kisha ni kudurusu. Wala asikariri kama kasuku. Akisahau saba mara nane, ajue njia ya kurudi: saba mara nne ni 28, na 28 mara mbili ni 56. Aliyeelewa husahau akakumbuka. Aliyekariri tu akisahau amepotea.

La tatu ni kufunika daftari. Watoto wengi husoma hisabati kwa kuutazama mfano wa mwalimu na kutikisa kichwa. Huko ni kuona, si kujua. Madrasa hatumwambii mtoto amehifadhi kwa sababu ameutazama msahafu, tunaufunga, tunamsikiliza. Hisabati nayo ni hivyo hivyo. Asome mfano, aufunike, alifanye swali peke yake kwenye karatasi tupu, kisha afunue alinganishe.

La nne ni kuchanganya maswali. Mtoto akifanya maswali kumi ya kujumlisha, lile la kumi halifanyi kwa kufikiri. Mkono unakwenda wenyewe. Siku ya mtihani maswali huja yamechanganyika, na kazi ngumu ni kutambua swali linataka njia ipi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Marekani Kelli Taylor na Doug Rohrer waliwapa watoto wa darasa la nne maswali yaleyale kwa taratibu mbili: kundi moja aina baada ya aina, jingine yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza ndilo lililofanya vizuri zaidi. Walipotahiniwa siku ya pili, waliochanganya walipata wastani wa asilimia 77, na wenzao asilimia 38. Kwa hiyo kila usiku mtoto achukue maswali mawili ya somo la leo, mawili ya juma lililopita na moja la mwezi uliopita.

La tano, na ndilo linalopandisha alama upesi, ni daftari la makosa. Karatasi ya jaribio ikirudi, mara nyingi mzazi hutazama alama tu, akafurahi au akakasirika, na karatasi ikaishia kufungia vitumbua. Hazina ilikuwa ndani ya makosa. Chukua mfano: 402 kutoa 178. Mtoto ameandika 376. Si mzembe huyu. Ametoa moja kwenye nne akapata tatu; akaona sifuri haitoi saba, akageuza, akaandika saba; akaona mbili haitoi nane, akageuza tena, akaandika sita. Ana kanuni yake, ila ni kanuni mbovu, na ataitumia kila siku mpaka aonyeshwe. Mfundishe kujihakiki: 376 ukijumlisha 178 ni 554, wala si 402. Hapo anajua mwenyewe kuwa amekosea, ndipo afundishwe kukopa, na apate jibu lililo sahihi, 224. Swali hilo liandikwe kwenye daftari la makosa na lirudiwe baada ya siku tatu, kisha baada ya juma.

Huenda mzazi akasema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Ndugu mzazi, huhitaji kujua jibu. Mwambie mwanao, "Nieleze ulivyofanya." Anayeeleza kwa sauti huligundua kosa lake mwenyewe. Kama swali ni la maneno, asimulie kwanza kisa chake bila kutaja hesabu. Mama amenunua trei 4 za mayai, kila trei mayai 30, na 6 yamevunjika, mangapi mazima? Mtoto asiyesimulia hujumlisha namba zote azionazo akapata 40. Anayesimulia huziona trei, akapata 120, akaondoa yaliyovunjika, akabaki na 114. Na fimbo iwekwe mbali: mtoto anayetetemeka hahesabu, anabahatisha.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya dunia tu. Aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa zimetaja mafungu ya mirathi: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Asiyejua sehemu hawezi kugawa urithi, na zaka ya fedha ni fungu moja katika arobaini. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya tisa kitabu ambacho jina lake limetupatia neno aljebra, alikusudia kuwarahisishia watu hesabu za mirathi, biashara na upimaji wa ardhi. Maalimu wa madrasa akiwauliza watoto thumuni ya shilingi 24,000 ni ngapi, amefundisha masomo mawili kwa pigo moja. Jibu ni shilingi 3,000, na mtoto hatalisahau.

Usiku wa leo, basi, baada ya Isha, tufungue mkoba wa mtoto, tutoe daftari la hisabati, tuchague kosa moja tu. Tumwombe atueleze alivyofanya, naye alirudie. Kesho lingine. Aliyeifikisha Juzuu Amma aya kwa aya ataifikisha na hisabati swali kwa swali, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu (S.W.).

Wabillahi tawfiq.