Kufundisha Kazi ya Swichi ya Mtandao

Mwanachuo awaambiaye watoto kuwa swichi "hugawa intaneti" huwapotosha. Swichi huunganisha kompyuta za shule hata pasipo intaneti. Sisi hapa Tanga huanza na barua. Wanafunzi wanne huketi pembeni. Wa tano, katikati, ndiye swichi, mwenye daftari tupu. Asha amwandikiapo Juma, swichi huandika kiti cha Asha, kisha, kwa kutojua kiti cha Juma, huwapa wengine wote nakala, asiyehusika huitupa. Juma ajibupo, barua humfikia Asha peke yake. Habu, chombo cha zamani, haikujifunza hivyo: kila ujumbe iliwatawanyia wote. Barua iendayo Pangani hupewa ruta mlangoni, iunganishayo mtandao mmoja na mwingine. Mtoto akiuliza itakuwaje umeme ukikatika, tumjibu kuwa daftari hufutika, na swichi huanza kujifunza upya.