KIOO KILICHOTIWA NGUVU KWA MOTO
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi hudhani ya kuwa kioo cha dirisha la kawaida na kioo cha mlango wa benki ni kitu kimoja, ila kimoja ni kinene zaidi. Sivyo. Vyote viwili hutengenezwa kwa mchanga, magadi na mawe ya chokaa, na unene wao waweza kuwa sawasawa. Lakini kimoja kimetiwa motoni mara ya pili. Hicho ndicho mafundi wa mjini hukiita kioo cha tempa. Nataka kueleza moto huo hufanya kazi gani, na kwa nini jambo hili latuhusu sisi wanafunzi na wazazi wetu wajengao nyumba.

Kwanza yafaa tujue kwa nini kioo huvunjika. Kioo kikibanwa ni shupavu; udhaifu wake ni kuvutwa. Juu ya uso wake mna nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1921 mtaalamu Mwingereza, A. A. Griffith, alieleza ya kuwa nyufa za namna hiyo ndizo zianzishazo kuvunjika. Kioo kikipindwa, upande mmoja huvutwa, ufa hufunguka, na mara hukimbia mpaka mwisho. Basi uso ukiwa umebanwa daima, nyufa hukaa zimefumba.

Hiyo ndiyo kazi ya moto. Kioo hutiwa katika tanuri mpaka kifikie joto la digrii 620 za sentigredi au zaidi kidogo, karibu ya kulainika. Kisha hutolewa na kupulizwa hewa nyingi pande zote mbili. Uso hupoa na kuwa mgumu upesi, na ndani bado ni moto. Baadaye ndani nako hupoa na kutaka kunywea, kumbe uso umekwisha kuganda na haukubali kufuata. Basi uso hubaki umebanwa, na ndani hubaki kumevutwa. Nguvu hizo mbili hushindana siku zote, wala hakuna ishindayo.

Upesi wa kupoza ndio uamuao nguvu. Kwa kanuni za Ulaya, kioo kilichopozwa polepole, yaani cha kawaida, huhesabiwa kustahimili nyutoni 45 kwa kila milimita moja ya mraba. Kikipozwa kwa upesi wa kadiri, hufikia 70. Kikipozwa kwa upesi mkubwa, hufikia 120. Kadhalika, kioo cha tempa chaweza kustahimili tofauti ya joto ya digrii 200 baina ya sehemu zake, ambapo cha kawaida ni kiasi cha 40 tu. Lakini moto hauongezi ukakamavu: vioo viwili vya unene mmoja vikibebeshwa mzigo ule ule hupindika sawasawa.

Wazungu walistaajabia jambo hili zamani. Mwaka 1660 Prince Rupert alimletea Mfalme Charles II wa Uingereza matone ya kioo yaliyodondoshwa katika maji yakiwa moto. Umbo la tone ni kama kiluwiluwi. Kichwa chake hustahimili kupigwa nyundo, bali mkia ukivunjwa, tone zima huwa unga. Mwaka 1874 Mfaransa de la Bastie alitafuta faida katika siri hiyo, akachovya vioo vya moto katika mafuta.

Mkia wa tone watufunza jambo. Mtu akijaribu kukata kioo cha tempa, nguvu zilizofungiwa ndani huachiliwa, na chote husambaratika. Samaki mkunje angali mbichi: kipimo, matundu ya bawaba na kusugua kingo, yote hufanywa kabla ya moto.

Tena iko hatari moja. Huenda ndani ya kioo mkawa na chembe ya salfaidi ya nikeli. Kioo kikipozwa upesi, chembe hiyo haipati nafasi ya kugeuka. Hugeuka polepole baadaye, pengine baada ya miaka, ikavimba, na kioo kikapasuka bila kuguswa. Kwa hiyo viwanda hodari hukirudisha kioo katika joto la digrii 260 kwa saa mbili, ili chenye ila kipasuke huko huko, kisije kuangukia watu.

Sasa fikirini mlango wa bwalo wakati wa kengele ya chakula. Mlango ukiwa na kioo cha kawaida, na mtu akausukuma kwa kiganja kikavunjika, vipande virefu kama visu vyaweza kukata mshipa wa mkono. Kioo cha tempa huvunjika vipande vidogo butu. Kanuni za Ulaya hutaka vioo vingi vitoe si chini ya 40 katika mraba wa sentimita 5 kwa 5. Vyaweza kuchubua, lakini si rahisi viue.

Basi, wazazi na walimu, anayenunua kioo cha mlango, au cha dirisha linalofika chini karibu na sakafu, asiulize unene na bei tu. Atazame pembeni kama pana alama ya kiwanda, na aulize kama kimepitishwa motoni. Gharama huzidi, lakini mkono wa mtoto hauuzwi dukani.