Gari Lapuliza Joto Bondeni: Kosa ni la Nani?

Mtu ashukaye kutoka Sumbawanga, penye mita 1,800 hivi juu ya bahari, kupitia ukingo wa Lyambalyamfipa hadi bonde la Rukwa, penye mita 800 hivi, huacha baridi na kukuta joto kali. Magari mengi ya siku hizi hujirekebisha yenyewe: dereva huchagua nyuzi 22, nayo mashine hupoza hewa au kuipasha. Lakini mashine haina ngozi. Huambiwa hali ya hewa hasa na sensa mbili: moja mbele ya rejeta, nyingine ndani, nyuma ya tundu dogo la dashibodi.

Basi sensa ikisema uongo kwamba kuna baridi, gari litapuliza joto bondeni. Wengi hukimbilia kuongeza gesi, fedha zikapotea bure.

Fanyeni hivi kwanza. Alfajiri, kabla ya kuwasha injini, maana joto lake hudanganya, linganisheni joto la nje lionyeshwalo na gari na kipimajoto cha kawaida. Gari likionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, huenda waya umekatika. Tundu la ndani lisafisheni vumbi. Kisha fundi aichomoe sensa na kuipima kwa mita ya umeme. Akiishika mkononi ipate joto, ukinzani wake hupungua taratibu. Usipobadilika, sensa imekufa.

Mwulizeni shahidi kwanza, msije mkamtoza faini asiye na kosa.