Watumiaji wa Linux wanaweza kufikia hifadhi ya mafaili ya chuo

VYUO vikuu vingi humpa kila mwanafunzi na mhadhiri sehemu ya kuhifadhia mafaili katika seva ya chuo. Faida yake ni kubwa: kompyuta ya mkononi ikiibwa au ikiharibika, tasnifu iliyoandikwa kwa miaka mitatu hubaki salama.

Hata hivyo, maelekezo ya kuifikia hifadhi hiyo mara nyingi huandikwa kwa kuwalenga watumiaji wa Windows. Mwenye Linux huishia kubeba kazi zake katika flashi, ambayo hupotea kwa urahisi kuliko kompyuta yenyewe.

Kikwazo hicho hakitokani na Linux. Hifadhi nyingi za aina hii hutumia itifaki ya SMB, yaani utaratibu wa kompyuta kupeana mafaili kupitia mtandao, uliobuniwa na kampuni ya IBM katika miaka ya 1980 na kuendelezwa na Microsoft. Mwishoni mwa mwaka 1991, Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alianza kuandika programu ambayo baadaye iliitwa Samba. Jina hilo alilipata kwa kutafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa kufuatana.

Njia nyepesi ni kufungua programu inayoonyesha folda, kisha kuandika anwani inayoanza na smb://, ikifuatiwa na majina ya seva na folda yaliyotolewa na chuo. Mfumo huuliza jina la mtumiaji, neno la siri na domeni, yaani kundi la akaunti za chuo. Wengi hukwama hapo kwa kuacha neno WORKGROUP, ambalo mara nyingi huwa limekwisha kujazwa, badala ya kuandika domeni ya chuo.

Anayejaribu akiwa nyumbani huenda asijibiwe kabisa. SMB hupitia lango namba 445, ambalo kwa kawaida vyuo hulifunga kwa wageni wa nje. Sharti kwanza aunganishe VPN ya chuo, njia ya faragha inayoiingiza kompyuta yake katika mtandao wa ndani. Huduma ya eduroam, inayotolewa nchini Kenya kupitia KENET na Uganda kupitia RENU, humpa msomi intaneti anapotembelea chuo kingine, lakini haimfungulii hifadhi ya chuo chake.

Jambo la pili ni toleo la itifaki. Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa toleo la kwanza la SMB na kuvuruga hospitali nchini Uingereza. Mwaka huohuo, kiini cha Linux toleo 4.13 kiliacha kulitumia toleo hilo pasipo kuagizwa. Ushauri wa zamani wa kulirudisha kwa maneno vers=1.0 haufai kufuatwa; vers=3.0 ndilo chaguo la busara.

Jambo la tatu ni neno la siri. Wanaotaka hifadhi ijiunganishe yenyewe huandika maelezo yake katika faili la /etc/fstab. Faili hilo husomwa na kila mtumiaji wa kompyuta, na neno la siri la chuo aghalabu hufungua pia barua pepe na matokeo ya mitihani. Ni heri neno hilo liwekwe katika faili la pembeni, lipewe ruhusa ya 600 ili mwenyewe pekee alisome, kisha litajwe kwa kipengele cha credentials.

Kabla ya kuiamini hifadhi hiyo, hifadhi faili dogo la majaribio, kisha lifungue kwa kompyuta nyingine ya chuo. Likionekana, kazi yako imefika salama.