Je, Wajua? Kisangani Ilivyopakwa Rangi ya Leopold Kabla Hajaitia Mkononi

Je, wajua kwamba ramani ya Afrika iliyochapwa Ulaya mwaka 1886, ikiipaka Kongo nzima rangi moja ya Dola Huru la Mfalme Leopold wa Pili, ilidanganya kuhusu Kisangani? Kituo ambacho mpelelezi Stanley alikianzisha hapo kwenye maporomoko Desemba 1883 kilishambuliwa na Waarabu na Waswahili Agosti 1886. Mkuu wake, Mwingereza Walter Deane, alikiteketeza kwa moto akakimbilia msituni. Rangi ikabaki kwenye karatasi. Mjini penyewe Leopold hakuwa na mtu.

Aliyeshika nguvu huko alikuwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja. Leopold hakuwa na jeshi la kumtoa, basi akamwajiri. Februari 1887, mjini Zanzibar, Tippu Tip alitia saini kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani maporomoko hayo ya Kisangani, kwa pauni 30 kwa mwezi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupandisha bendera ya Dola Huru. Kisha akapanda meli Madura pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia Kongo kwa upande wa magharibi. Mtu aliyezoea kufika huko kwa miguu kutoka pwani ya mashariki alifika kazini Juni 1887 kwa kulizunguka nusu ya bara! Kwangu mimi, mkataba ule unaeleza utawala wa wakati huo vizuri zaidi kuliko rangi yoyote ya ramani.

Je, wajua kwamba mwandishi Joseph Conrad, aliyefika Stanley Falls kwa meli ya mto mwaka 1890, alisimulia kwamba utotoni aliweka kidole kwenye sehemu tupu ya ramani ya Afrika akaapa kufika? Patupu hapo ndipo Wagenia walipokuwa wakivua kwa mitego yao mikubwa katika maji makali, vizazi na vizazi.

Ukikutana na ramani ya zamani isiyo na tarehe, anza na jina: ramani inayoiita Kisangani Stanleyville ni ya kabla ya 1966. Halafu tazama mashariki. Mpaka wa Dola Huru uliotangazwa Agosti 1885 ulikwenda mstari mnyoofu kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi longitudo ya 30, ukiupasua ufalme wa Rwanda, wakati ambapo hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu. Mjerumani von Götzen alilifikia mwaka 1894, na Wajerumani wakaudai upande wa mashariki. Ubishi uliisha Brussels mwaka 1910: mpaka ukapitishwa ndani ya ziwa, na kisiwa cha Ijwi kikaingia Kongo. Kwa hiyo mstari mnyoofu hapo ni dalili nzuri kwamba ramani yako imeutangulia mwaka huo.